Mke wa Mto Uliohama

Mama Kubau, jirani yake Tabni wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba Mto haukuhama kwa sababu ya mvua, wala kwa sababu ya tuta kubomoka. Anadai Mto ulimfuata binti yake, Nukata. Eti siku ile Nukata alikwenda mji wa Kisharu kumjulia hali shangazi yake, amejipaka mafuta ya ufuta yaliyolazwa na maua. Mto ulipovuta pumzi na kuikosa ile harufu, ukajikusanya, ukaacha samaki wanarukaruka kwenye tope, ukakata shamba baada ya shamba, asubuhi kweupe, kila mtu anauona, mpaka ukafika chini ya dirisha la shangazi mtu. Hapo ukatulia.

"Mimi sijisifu," anasema Mama Kubau kila anapomaliza. "Nasema kilichotokea. Mwanamume akishapenda, utamfanya nini?"

Watu wa Ubarra walimwamini, kwa sababu maelezo ya serikali yalikuwa marefu kuliko hayo na hayakuwa na mafuta ya ufuta ndani yake.

Tabni alikuwa upande wa pili wa ukuta anasuka mkeka wa matete, na hakuna neno lililompita. Mji mzima ulikuwa umekauka. Mtungi wa mama yake ulikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Lakini kilichomchoma kilikuwa kingine kabisa. Yaani hata Mto ukiamua kuondoka, lazima uondoke kwa ajili ya Nukata?

*

Ubarra ulikuwa mji wa udongo. Nyumba zilikuwa za udongo, majiko ya udongo, hata miundu ya kuvunia shayiri ilikuwa ya udongo uliochomwa. Watoto wakilia walipewa udongo wachezee, wakaumba maofisa. Mbele ya mji ulipita Mto, na Mto ndio uliouleta udongo huo, ukaleta na samaki, na tende, na wageni wenye vitu vya kuuza. Mji ungeweza kuishi vizuri tu. Bahati mbaya, ng'ambo ya mbuga kulikuwa na mji wa Kisharu, na wao pia walikuwa wanaishi vizuri.

Jambo hilo halikuvumilika.

Ubarra ikaunda Idara ya Kutazama Ng'ambo. Maofisa wake walikaa juu ya ukuta tangu jua linapochomoza, viganja kwenye paji la uso, wanatazama Kisharu. Kisharu walipopaka lango lao rangi ya buluu, Ubarra walipaka lango lao buluu na punda wa langoni pia, ili ijulikane nani ana rangi ya kubaki. Kisharu walipopata kuhani mnene, kuhani wa Ubarra alilishwa mpaka akashindwa kupita kwenye mlango wa hekalu. Wakauvunja mlango, wakauita upanuzi.

Mambo yote hayo yaliongozwa na Mtukufu Lugasha, Msimamizi wa Mto, Mifereji, Ukuta na Kila Kinachoonekana Ukiwa Juu ya Ukuta. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa kikang'aa, na alivaa sketi ya manyoya ya kondoo hata wakati wa joto, kwa sababu aliambiwa mkuu wa Kisharu huwa anaivua.

"Wananchi!" alikuwa akisema. "Mimi si mtu wa wivu. Nauliza tu: kwani wale ni nani?"

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyetaka kuliharibu kwa kulijibu.

*

Kila mwaka maji yalipoanza kupanda, Ubarra waliuoza Mto mke. Hiyo ndiyo mila waliyoikuta. Msichana mmoja alichaguliwa, akavishwa shanga za buluu, akaingia mtoni mpaka kiunoni, na kuhani akasimama ukingoni kuuliza kama Mto umekubali. Mto ukinyamaza, umekubali. Haikuwahi kutokea Mto ukakataa.

Tangu siku hiyo yule msichana aliitwa Mke wa Mto, mama yake akaitwa Mkwe, na shamba la kwao likawa la kwanza kunywa maji mwaka mzima. Hapo ndipo penyewe. Shanga zilikuwa shanga tu.

Shamba la Mama Iltani, mama yake Tabni, lilikuwa kwenye mkia wa mfereji. Maji yalifika huko yamechoka, yamepitia kwa kila mtu, yakalowesha udongo kidogo na kwenda zao. Kila mwaka Tabni alioga, akajipaka mafuta yaliyobaki chini ya chungu, akasimama kwenye foleni ya wasichana langoni. Kila mwaka walimpita. Mwaka ule walimchukua Nukata, binti wa Mama Kubau, ambaye baba yake ndiye mlinzi wa lango la mfereji. Hilo halikuhusiana kabisa na uteuzi, na aliyesema linahusiana alipelekwa akapumzike kwenye kazi ya kubeba matofali.

"Tabni, shoga yangu," Nukata alimwita siku moja akipita na shanga zake, "vitunguu vyenu vinaendeleaje?"

"Vipo."

"Vyetu vimenenepa mpaka mama anaona haya kuving'oa."

"Msalimie mumeo," Tabni alisema.

"Nitamsalimia. Ila sitakutaja jina, usinielewe vibaya. Majina ya watu wa mwisho wa mfereji yanamchosha."

Tabni alikuwa na subira. Alikaa na mkeka wake akamtazama Nukata mpaka akaujua upande wa mdomo anaochekea, na jinsi anavyoinua kidole kidogo akishika mtungi, na kisigino kipi kinatangulia kulowa akikanyaga ukingoni. Mtu anayempenda mwenzake hamjui hivyo.

*

Shamba la kina Nukata lilikunywa kwanza, likanywa sana, na shayiri ikawa ya kijani cha kuumiza macho. Jirani wa pili akaona, akaenda kwa Mtukufu kuomba shamba lake lisinywe chini ya hapo. Wa tatu akaomba kama wa pili. Idara ya Kutazama Ng'ambo nayo ikaleta habari kwamba Kisharu wanafungua mfereji wao asubuhi na kuufunga mchana.

"Wanaufunga!" Mtukufu alicheka mpaka akajishika mbavu. "Masikini wa watu."

Akaamuru lango la mfereji wa Ubarra ling'olewe kabisa, dunia ione. Baba yake Nukata akabaki mlinzi wa lango lisilokuwepo, akapandishwa cheo. Maji yakalala mashambani usiku na mchana kama mgeni asiyejua kuaga.

Misimu ikapita, Nukata akateuliwa tena na tena, na ardhi ikaanza kuwa nyeupe. Kwanza pembeni, kama jasho linapokauka kwenye nguo, halafu katikati. Ukiigusa na kulamba kidole, ni chumvi. Shayiri ikatoka fupi, msimu mwingine ikatoka ya njano, na msimu uliofuata haikujisumbua kutoka.

Kwenye nchi nyingine watu wangeogopa. Ubarra walikuwa na Mtukufu Lugasha.

"Wananchi! Ardhi yetu imevaa nguo ya arusi! Tazameni Kisharu, udongo wao ungali mweusi kama masizi ya chungu. Weupe huu ni usafi, na haukuja wenyewe. Umeletwa na uongozi!"

Likatangazwa shindano la shamba jeupe kuliko yote. Familia zikaonekana zinafagia mashamba. Na binti wa nyumba itakayoshinda, ikatangazwa, atasimama mbele kabisa kwenye foleni ya kuolewa na Mto.

Shamba la Mama Iltani lilibaki kahawia. Maji yaliyofika kule yalikuwa machache na hayakuwa na nguvu ya kulala, kwa hiyo shayiri ikaota kama kawaida, ikainamisha vichwa. Watu waliotoka kusifiana mashamba meupe walipita kwa Mama Iltani kuomba kibaba, wakawa wanakula huku wanamhurumia.

"Pole, Mama Iltani," alisema Mama Kubau, anajifungia shayiri kwenye kitambaa. "Usikate tamaa. Na lako ipo siku litakuwa jeupe."

Tabni alisikia. Masikio yalimwaka moto. Kesho yake alichukua jembe, akasafisha mkia wa mfereji, akatoa tope na magugu, akabomoa kituta kilichokuwa kinapunguza maji. Mama yake alimkuta amesimama ndani ya maji mpaka magotini.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka tufanane na watu."

"Watu gani? Hawa wanaokuja kuomba shayiri?"

"Mama, wewe huoni wanavyotuangalia?"

"Naona wanavyokula."

Lakini Mama Iltani hakumzuia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja, na siku nyingi zilikuwa zimepita bila kumsikia akiimba. Tabni alikuwa anaimba.

Shamba likawa jeupe. Likawa jeupe kuliko ya wote, kwa sababu ndiyo kwanza linaanza na lilikuwa na hamu. Mtukufu mwenyewe alikuja, akaokota bonge la udongo, akalamba, akatikisa kichwa kwa furaha. Tabni akawekwa mbele ya foleni. Na kuanzia siku hiyo mjini hapakuwa na mtu wa kuombwa kibaba.

*

Kisha Kisharu wakajenga mnara.

Habari hiyo ilipotoka ukutani, Mtukufu alikataa kula. Aliporudi mezani alikuwa ameamua: Ubarra itajenga mnara mrefu zaidi, hata kwa urefu wa mtu mmoja. Tatizo lilikuwa matofali. Udongo wa mashambani ulijaa chumvi, tofali likikauka linamumunyuka kama mkate wa juzi. Udongo mzuri uliobaki ulikuwa kwenye lile tuta refu kando ya Mto, ambalo mababu walilirundika kizazi hadi kizazi ili maji yasitoke njiani.

Fundi mmoja akauliza tuta likiisha Mto utazuiwa na nini.

"Na mapenzi," Mtukufu alimjibu. "Ule ni mume wetu. Wewe mkeo anakuzuia kwa ukuta?"

Watu wakamcheka yule fundi mpaka akahamia Kisharu.

Wasichana wa foleni ndio waliobeba udongo, kuonyesha moyo. Tabni alibeba kuliko wote. Kichwani alipata upara mdogo pale kikapu kinapokaa. Nukata, kwa vile ni mke, alibeba kikapu chenye kipepeo cha kujipepea tu, na wasimamizi wakamsifu kwa hatua zake nzuri. Tabni aliona, akaongeza udongo kwenye kikapu chake. Alichimba tuta kama mtu anayechimba chini ya nyumba ya adui.

Mnara ukaupita wa Kisharu. Kisharu wakasimamisha juu ya mnara wao nguzo yenye jogoo wa shaba. Mtukufu Lugasha akapanda mwenyewe juu ya mnara wa Ubarra, akasimama pale kileleni na mkono ameuinua, akaletewa chakula hukohuko.

Kwa hiyo mvua zilipokuwa kubwa milimani, na Mto ulipokuja umevimba ukapapasa ukingoni na kukuta mahali palipokuwa na tuta hapana kitu, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeuona ukiondoka. Aliupungia mkono. Alidhani unakuja.

*

Baraza likakaa. Siku ile Mto ulipohama Nukata alikuwa Kisharu kwa shangazi yake, kwa ruhusa maalumu, na baada ya hapo hakurudi, maana Kisharu walikuwa wamepata mto na hawakuwa na mke wa kuupa, na huyu tayari alikuwa na uzoefu. Wazee wakajadili kama mke anaweza kushtakiwa kwa kutoroka na mumewe mwenyewe. Hawakuafikiana. Serikali ikatoa tangazo kwamba Mto uko safarini kikazi. Ndipo Mama Kubau alipofunga mizigo amfuate bintiye, huku akisimulia ile habari ya mafuta ya ufuta, na akaondoka na punda wa langoni, bado ana buluu kwenye masikio.

Na Ubarra ikahitaji Mke wa Mto mpya, haraka, ili mume awe na cha kurudia. Wasichana wengine kwenye foleni wakashikwa na kikohozi. Tabni hakukohoa.

Walimvisha shanga. Akatembea kwenye mchanga mkavu wa Mto mpaka pale ambapo, wangekuwa na maji, yangemfika kiunoni. Kuhani, ambaye siku hizi alipita mlango wowote bila shida, akauliza kama Mto umekubali. Kimya. Umekubali! Watu wakapiga vigelegele, midomo imekauka.

Tabni alifurahi. Lazima lisemwe. Alifurahi mpaka akageuka kumtafuta Nukata kwenye umati, amwone anavyotazama. Nukata hakuwepo. Tabni akaendelea kutafuta kidogo, sura moja baada ya nyingine, na ile furaha ikawa haina pa kukaa.

Kesho yake akasomewa sheria: Mke wa Mto hatatoka Ubarra kwenda kuishi kwingine wakati mumewe yuko safarini. Na wakati anasomewa, watu walikuwa wanapita nyuma ya msomaji wamebeba milango ya nyumba zao vichwani, wanahama.

Mama Iltani alikuwa na kaka yake vilimani, mfuga mbuzi, aliyetuma ujumbe waje wote wawili. Kisima cha mji kilikuwa kimegeuka chumvi. Miguu ya mama ilivimba, midomo ikapasuka, akinywa alifumba macho kama mtu anayemeza dawa.

"Nenda, mama. Mimi nitakuja."

"Niende wapi nikuache na mume asiyeonekana?" alisema mama. "Tutaondoka pamoja, au tutakaa."

Tabni akaenda kwa Mtukufu Lugasha, akapiga magoti. "Baba, naomba mniache huru."

"Talaka anatoa mume, mwanangu. Mimi nitaitoaje? Nitakuwa naingilia nyumba ya watu."

"Mume hayupo, baba."

"Ndiyo maana tunamfuata."

*

Ujumbe wa Ubarra ulifika Kisharu saa za asubuhi. Maofisa wa Idara ya Kutazama Ng'ambo walilia kwa furaha. Maisha yao yote walikuwa hawajawahi kuiona kwa karibu. Mtukufu akasimama ukingoni, sketi yake ya manyoya inanuka jasho, Tabni kando yake na shanga.

"Ewe Mto wetu! Hatukulaumu. Umeshawishiwa na watu wasio na heshima, wenye mnara mfupi. Rudi nyumbani. Mke ni huyu. Tumesahau yote!"

Maji yakapita, yakazungusha kijiti, yakaenda nacho.

"Umenyamaza," alisema kuhani kwa matumaini. "Umekubali."

"Siyo," alisema Mtukufu, ambaye alikuwa ameshauona umbali wa kurudi na hakuutamani. "Kwenye ndoa ukinyamaza umekubali. Kwenye mambo mazito ukinyamaza, unafikiri. Tusiusumbue."

Tabni akamshika upindo wa sketi. "Na talaka yangu, baba?"

"Hilo ndilo zito kuliko yote, mwanangu."

Mkuu wa Kisharu akawakaribisha mezani. Huko ikajulikana kwamba tangu Kisharu wausikie mnara wa Ubarra hawajalala vizuri, na wanatafuta watu wenye ujuzi. Kabla ya tende kuisha, Mtukufu Lugasha alikuwa mshauri wa mambo ya matuta.

Tabni alibaki ukingoni. Nukata akaja na mtungi, kidole kidogo kimeinuka.

"Karibu, mke mwenzangu."

"Ahsante."

"Umekonda, shoga." Akaonyesha kwa kidevu mashamba yaliyokuwa nyuma yake, ya kwanza kunywa. Pembeni yalikuwa yameanza kuwa meupe. "Umeyaona? Yameanza kuvaa. Mama anasema tutashinda."

Tabni aliyaona. Akautafuta ule wivu wake wa zamani, akaukuta umebaki mahali padogo sana: miguu ya Nukata ilikuwa imelowa. Ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo, na matone yanateremka, na mwenyewe wala hajui.

"Nukata, wewe unakaa naye. Mwambie anipe talaka yangu. Mama anakunywa chumvi."

Nukata akaangalia nyuma, kisha akasogea.

"Sijawahi kumsikia akisema kitu, Tabni."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mama ndiye anayemsikia."

"We Nukata!" Mama Kubau aliita kutoka dirishani. "Unaongea na nani huko? Wageni wanataka maji!"

Nukata akajaza mtungi, akaondoka.

Tabni akavua shanga, akazishika mkononi. Akaingia majini mpaka kiunoni, kama inavyotakiwa. Yalikuwa ya baridi, matamu, na alikunywa kwanza kwa sababu ya kiu.

"Mume wangu," alisema, "sikuja kukurudisha. Kaa na unaowataka. Mimi nipe talaka yangu nimchukue mama twende kwa mjomba. Hiyo tu."

Maji yakampita kiunoni.

Akaomba tena, sauti juu kidogo. Safari hii hakujitaja yeye ni nani wala ametoka mwisho wa mfereji gani, asije akauchosha. Alipomaliza akainama, sikio karibu na maji, asikie kama Mto umekubali au bado unafikiri.